Swali la lugha: Mchezaji "ametoka majeruhi"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Ohio, Marekani, na huwaandikia jamaa zangu wa nyumbani habari za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Kuna tuzo inayotolewa na shirika la habari la AP kwa mchezaji aliyerudi uwanjani baada ya kufikwa na makubwa; kwa Kiingereza huitwa "Comeback Player of the Year". Niliandika hivi: "Alex Smith alishinda Tuzo ya Mchezaji Aliyerudi Bora wa Mwaka baada ya kutoka majeruhi na kupitia changamoto nyingi." Binamu yangu wa Mombasa anasema sentensi nzima imepinda. Imepinda wapi?

JIBU: Marahaba. Binamu yako ana sikio zuri, ingawa si sentensi nzima iliyopinda. Nitaanza na "majeruhi", maana kosa hilo limeota mizizi na linaniuma.

Majeruhi ni mtu. Ajali ikitokea barabarani tunasoma kwamba majeruhi wanne wamelazwa hospitali. Kile alichonacho mwilini ni jeraha, na yakiwa mengi ni majeraha. Nadhani kinachowapoteza waandishi ni ile "ma" ya mwanzo, inayolifanya neno lionekane kama wingi wa kitu, sawa na majipu na madonda. Lakini tazama upatanisho wake: majeruhi huyu, majeruhi hawa. Kwa hiyo "orodha ya majeruhi" ni sahihi, na "kocha ana majeruhi watatu" ni sahihi pia. Zisizosimama ni zile tunazozisikia kila jioni kwenye vipindi vya michezo: "ametoka majeruhi", "anasumbuliwa na majeruhi", "amepata majeruhi ya goti". Ukitaka kuzipima, weka neno "mgonjwa" mahali pa "majeruhi". Hakuna anayesema fulani anasumbuliwa na mgonjwa akiwa na maana ya ugonjwa.

Wapo wanaosema matumizi yameshaenea, tuyaache. Sikubaliani nao. Neno jipya huingia pale lugha ilipopungukiwa, na hapa hatujapungukiwa kitu. Jeraha lipo, kuumia kupo, kujeruhiwa kupo. Tukimwita mtu na kidonda chake kwa jina moja tutakuwa tumepoteza tofauti tuliyokuwa nayo bure.

Sasa kwa Alex Smith mwenyewe, neno gani? Tarehe 18 Novemba 2018, akiichezea timu ya Washington dhidi ya Houston Texans, aliangushwa na mguu wake wa kulia ukavunjika mifupa yote miwili ya chini ya goti. Vijidudu vikaingia, nyama ya mguu ikaanza kuoza, na madaktari wakafikia kuzungumzia kuukata. Alifanyiwa upasuaji mara 17. Tarehe 11 Oktoba 2020 akaingia tena uwanjani. Kwa habari kama hii "jeraha" linatosha, tena ni jeraha kwelikweli. Lakini kwa Joe Burrow wa Cincinnati Bengals, aliyechanika ligamenti za goti, yaani kano zinazounganisha mifupa, mwaka 2020 bila kidonda cha kuonekana kwa nje, mimi ningetumia kitenzi: "baada ya kuumia goti". Kiswahili hupenda kitenzi, na aghalabu kitenzi hukuepusha na mabishano ya nomino.

Tena si kila anayepewa tuzo hii aliumia. Eric Berry wa Kansas City Chiefs, wa mwaka 2015, alikuwa ametoka kutibiwa saratani ya tezi za limfu. Tedy Bruschi wa New England Patriots, aliyeipata tuzo ya 2005 pamoja na Steve Smith, alipatwa na kiharusi. Hao waliugua, basi andika maradhi. Na Damar Hamlin wa Buffalo Bills ana neno lake peke yake. Tarehe 2 Januari 2023, mjini Cincinnati, aligongwa kifuani alipokuwa akimkaba mpinzani. Akasimama, akapiga hatua chache, akaanguka chali. Nilisoma pengi kwamba alipata "mshtuko wa moyo". Sivyo. Kwa mazoea yetu mshtuko wa moyo ni pale damu inapozuiwa kufika kwenye misuli ya moyo, na mtu aweza kuwa nao huku akiongea nawe. Moyo wa Hamlin ulisimama, na madaktari wakaushtua palepale nyasini mbele ya wachezaji wenzake. Andika hivyo hivyo: moyo wake ulisimama.

Kila tukio lina neno lake, ndiyo maana "changamoto" yako inanikera. Changamoto ni jambo gumu linalomtaka mtu aongeze bidii: mtihani, mpinzani hodari, kazi mpya. Mguu unaooza si changamoto. Siku hizi njaa ni changamoto, mafuriko ni changamoto, msiba nao changamoto, na neno limebaki ganda tupu. Kwa aliyoyapata Smith tuna masaibu, neno lenye nasaba moja na kitenzi kusibu, yaani yale yaliyomsibu mtu pasipo yeye kuyatafuta. Binamu yako wa Mombasa analijua. Magazeti ya Kenya hulitumia sana. Ukiwaandikia Watanzania, misukosuko na madhila nayo yanafika.

Tuje kwenye jina la tuzo. "Aliyerudi" si kosa, ila "kurejea" ndilo neno lililozoeleka zaidi tunapozungumzia mchezaji kuingia tena dimbani. Tatizo lako ni mahali pa "bora". Ukisema "mchezaji aliyerudi bora", msikiaji anaelewa kwamba alirudi akiwa bora kuliko alivyoondoka. Ukilihamisha ukasema "mchezaji bora wa mwaka aliyerejea", umemfanya kuwa mchezaji bora wa ligi nzima ambaye, zaidi ya hayo, alirejea. Hiyo ni tuzo nyingine kabisa.

Wengine hupendekeza "Mchezaji Aliyerejea kwa Kishindo". Linavutia, na nililipima kwa muda mrefu. Nimeliacha kwa sababu linaamua ugomvi ambao si kazi ya mfasiri kuuamua. Msimu wa 2023 waliogombea walikuwa Hamlin, aliyerudi kutoka mlango wa kaburi lakini akacheza mechi chache, na Joe Flacco, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) mkongwe aliyekuwa nyumbani bila timu hadi Cleveland Browns walipomwita mwezi Novemba, akawafikisha kwenye mechi za mchujo. Wapigakura 21 walimweka Hamlin nafasi ya kwanza, na 13 tu wakamweka Flacco. Hata hivyo tuzo ilikwenda kwa Flacco kwa pointi 151 dhidi ya 140, kwa kuwa nafasi ya pili na ya tatu nazo huhesabiwa. Aliyerejea kwa kishindo ni Flacco, hilo halina ubishi. Aliyeshinda masaibu ni Hamlin. Mwaka 2024 AP ikawaeleza wapigakura kwamba tuzo ni ya mchezaji aliyeonyesha ustahimilivu mbele ya maradhi, kuumia au hali nyingine iliyomkosesha mechi msimu uliotangulia. Burrow akaipata msimu huohuo, mara yake ya pili, baada ya kuumia kifundo cha mkono. Ukiiita tuzo ya kishindo leo, unawapinga wenyewe walioitunga.

Mimi ningeandika "Mchezaji Bora wa Mwaka Miongoni mwa Waliorejea". Ni refu, lakini kila neno limekaa mahali pake: tunajua ni bora kati ya akina nani. Ukishaliandika kamili mara moja, mbele useme tu "tuzo ya waliorejea". Sentensi yako basi iwe: "Alex Smith alitunukiwa Tuzo ya Mchezaji Bora wa Mwaka Miongoni mwa Waliorejea, baada ya kupona jeraha la mguu na masaibu yaliyolifuata." "Alishinda" nalo si kosa, ila kwa tuzo ya kura "alitunukiwa" linapendeza zaidi.

Kwa kuwa unaandika habari hizi mara kwa mara, utakutana na tuzo mbili za jirani. Ya Ed Block, mtaalamu wa tiba za wanamichezo wa Baltimore Colts, hupigiwa kura na wachezaji wenyewe, kila timu ikimchagua mwenzao mmoja. Hiyo iite Tuzo ya Ujasiri ya Ed Block, haina utata. Ya George Halas hutolewa na chama cha waandishi wa futiboli kwa aliyeshinda masaibu makubwa kuliko wote, na kocha au mfanyakazi wa timu naye aweza kuipata. Hapo usiandike "mchezaji" kabla hujahakikisha aliyeipata ni nani.