Kanuni ya Monroe: kifungu unachokitafuta hakipo

Swali: Nafundisha Historia kidato cha sita. Notsi ninazotumia zinasema Kanuni ya Monroe ya 1823 ni sheria ya Bunge la Marekani, na ndiyo iliyoruhusu wanajeshi wake kuingia Haiti mwaka 1915. Mwanafunzi kaniuliza ni kifungu cha ngapi. Nimetafuta, nimekikosa.

Jibu: Usijilaumu, mwalimu. Hakipo. Aliyeandika notsi hizo hajaufungua waraka wenyewe, na waliozinakili baada yake ndiyo kabisa.

Kinachowaponza wengi ni hilo neno "kanuni". Mtu akilisikia anawaza vifungu. Alichofanya Rais James Monroe tarehe 2 Desemba 1823 ni kupeleka Bungeni ujumbe wake wa mwaka, mrefu, uliojaa habari za hazina, jeshi na posta. Maneno yanayotuhusu yamezama humo, tena yameachana mbali. Aya ya 7, ambayo ni kazi ya waziri wake wa mambo ya nje John Quincy Adams, inasema mabara ya Amerika si ya kufanywa makoloni mapya na dola yoyote ya Ulaya. Hapo alikuwa akisemeshwa Mrusi, ambaye mwaka 1821 alidai pwani ya kaskazini-magharibi hadi latitudo 51. Aya ya 48 na ya 49 zinawaonya wafalme wa Ulaya wasilete mfumo wao wa utawala upande huu wa Atlantiki, kwa hofu kwamba Hispania ingesaidiwa kuzirudisha nchi zilizokwisha kujikomboa. Kura haikupigwa. Januari 1824 Henry Clay, spika wa Baraza la Wawakilishi, alileta azimio ili Bunge liunge mkono; halikupitishwa.

Mpe mwanafunzi aya ya 48 aisome mpaka chini. Atakuta Monroe akisema makoloni ambayo Ulaya inayo tayari hatayagusa. Ndiyo maana Cuba ilibaki kwa Hispania hadi 1898. Na Uingereza ilipovitwaa visiwa vya Falkland mwaka 1833, Washington ilinyamaza. Manowari za kutosha za kuwazuia Wazungu baharini zilikuwa za Uingereza, si za Marekani.

Sasa Haiti. Desemba 1902 Uingereza, Ujerumani na Italia zilizifunga bandari za Venezuela kwa sababu ya madeni. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani akaona mdai wa leo ni mkoloni wa kesho. Desemba 1904, naye katika ujumbe wa mwaka, akaongeza lake: nchi jirani ikishindwa kujiendesha, Marekani huenda ikalazimika kuwa polisi wake. Mwaka uliofuata Wamarekani wakashika ushuru wa forodha wa Jamhuri ya Dominika: asilimia 45 kwa serikali, 55 kwa wadai. Njia hiyo ndiyo iliyofika Haiti. Katika maneno ya Monroe anayekatazwa kuingilia ni Mzungu. Mmarekani hapewi ruhusa ya kuingilia popote. Kati ya maneno ya Monroe na nyongeza ya Roosevelt kuna miaka 81, na notsi za kukariri zinaibana yote katika sentensi moja ili iingie kwenye karatasi ya mtihani.

Ukikuta maandishi yanayotaja 1823 na Haiti bila kutaja 1904, yaweke pembeni hata kama yamepigwa chapa vizuri. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani yenyewe ilichapisha mwaka 1930 waraka wa J. Reuben Clark, naibu waziri wake, uliosema nyongeza ya Roosevelt haina mashiko katika maneno ya Monroe. Wanajeshi walikuwa bado wako Haiti, waliondoka 1934.