Niliandika sifuri

Swali lenu la wiki: "Kutunza mazingira ni ajira, au ni kujitolea tu?"

Ni ajira. Mimi nalipwa kufufua mikoko huku Mtwara, upande wa Mikindani. Ila ni ajira ya mkataba: mradi ukiisha, unarudi kwenye mikorosho ya nyumbani kupulizia salfa mpaka uitwe tena. Anayetaka pensheni atafute kwingine.

Watu wakisikia mikoko wanafikiri kupanda. Nami nilikuwa hivyo. Mwaka wangu wa kwanza shirika moja lilileta wageni, fulana na kamera, tukachomeka mbegu za mkoko kwenye tope tupu mbele kabisa, baharini. Hakuna aliyeuliza kwa nini pale pamekuwa peupe miaka yote. Kusi lilipovuma, zikang'oka karibu zote. Mvuvi mmoja mzee, kibarua wetu, akaniambia, "Mwanangu, pale maji hayaondoki mapema. Mkoko unazama."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, si semina. Mikoko ni jina la jumla; ina aina nyingi, na kila aina ina pake. Mbele panapopigwa na mawimbi ni pa mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe, kisha mkandaa, na juu kwenye chumvi kali unasimama mchu. Ukilamba jani la mchu utaikuta chumvi yenyewe, mti unaitoa kama jasho. Mbegu ya mkoko huichumi hovyo: unangoja mpaka shingo yake, pale inapoungana na tunda, igeuke njano. Na saa yako ni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo kikao cha ofisini saa nne sikiwezi, na kila mara naonekana mtoro.

Kazi ninayojivunia ni shamba la chumvi lililotelekezwa. Matuta yalizuia maji, ardhi ikapasuka, hata kaa walihama. Mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na nje kidogo kuna watu wenye haki zao, kwa hiyo tulianza na barua, vikao vya kijiji, barua tena. Hayo yalikula miezi. Kuchimba kulikula siku tisa. Tulikata matuta sehemu tatu, pale mzee alipokumbuka vijito vya zamani vilipopita, tukangoja mwezi uandame.

Maji yaliingia jioni, taratibu, yakibeba majani na povu. Mama mmoja aliyekuwa akichimba nasi akavua kandambili akayafuata nyuma hadi yaliposimama. Miezi kadhaa baadaye tukaanza kuona michu midogo, majani mawili mawili, imeletwa na maji yenyewe. Sisi tulibaki kuhesabu na kufukuza mbuzi, na hilo la mbuzi ni kesi kubwa kuliko mnavyodhani, maana wana wenyewe na wenyewe ni majirani.

Mwisho wa robo mwaka ikaja fomu ya wafadhili: "Idadi ya miche iliyopandwa". Nikaandika sifuri. Wakanipigia simu kesho yake, kwa upole kabisa, kuuliza kama tarakimu nyingine zimesahaulika.

— Msomaji, Mtwara