Barua kwa mwanangu: mcheza baleti anaacha nini?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma, na sikutaka kuujibu kwa simu. Umeniuliza: mwimbaji anaacha nyimbo, mchoraji anaacha picha, mcheza baleti akistaafu anaacha nini? Najua umeuliza kwa sababu ya goti lako, na kwa sababu umeitwa ukafundishe watoto, nawe unaona kama ndiyo unaagwa jukwaani.

Ngoja nikueleze habari za mcheza baleti Alicia Alonso wa Cuba, aliyezaliwa Havana mwaka 1920. Alikuwa New York, ndiyo kwanza anaanza kung'ara, retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ikaachia. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, kisha akaamriwa alale miezi na miezi, macho yamefungwa bandeji, asigeuze hata kichwa. Pale kitandani akajifunza Giselle, baleti yenye hadithi ya msichana wa kijijini anayesalitiwa na mpenzi, akapata wazimu, akafa, akarudi kama mzuka. Alijifunza kwa vidole vya mikono. Vilitembea juu ya shuka, vikasimama, vikageuka, hatua moja baada ya nyingine, huku mumewe Fernando akimwelekeza. Novemba 1943 Alicia Markova, aliyekuwa acheze Giselle, akaugua, na Alonso akaingia kucheza badala yake.

Macho hayakupona. Jukwaani aliongozwa na taa kali, na mwenzake ilibidi awe pale pale walipokubaliana. Alicheza hivyo hadi miaka ya 1990, umri umeshapita sabini. Watu humsifu sana kwa hilo. Hata mimi linanigusa, ila silo nililotaka kukuambia.

Mwaka 1948 alianzisha kundi lake Havana, na hakungoja astaafu ndipo afundishe. Baada ya mapinduzi ya 1959 serikali ikatoa fedha, watoto wakasoma baleti bure. Carlos Acosta, mtoto wa dereva wa lori, alipelekwa huko na baba yake ili atolewe mitaani. Mwenyewe alitaka mpira. Akaja kuwa nyota wa kundi la Royal Ballet huko London, na tangu 2020 anaongoza kundi jingine la Uingereza, Birmingham Royal Ballet.

Sikufichi, sipendi Alonso alivyoung'ang'ania uongozi wa kundi lake karibu mpaka alipofariki mwaka 2019. Wachezaji wengi waliikimbia nchi. Lakini hata hao waliondoka na mafunzo ya Havana miguuni, na watu wa baleti humtambua Mcuba kwa anavyozunguka mara nyingi kisha akatulia tuli.

Basi alichoacha kipo, mwanangu, na kinatembea. Wale watoto wakubalie, na usiwakubalie kwa unyonge. Kama utaendelea kucheza au la, tumsikilize daktari wa mifupa kwanza. Majibu ya picha ya goti yakitoka nitumie siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mama yako