Crown au Fuga: barua kwa mwanangu Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Umeniuliza lipi ni bora kati ya Toyota Crown na Nissan Fuga, yote mawili ya mwaka 2010, ambayo wenyewe wanayauza hapo Dar es Salaam. Mimi ningekuuliza kwanza: umekwenda kuyaona saa ngapi?

Kwa maelezo yake yanakaribiana mno. Kila moja lina injini ya silinda 6 na lita 2.5, yenye mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Fuga limezidi upana kwa sentimita 5, nawe unalijua lango la nyumba ya bibi yako. Injini ya Crown ndiyo iliyomo katika Mark X, kwa hiyo vipuri vyake havitakuzungusha kwenye maduka ya Gerezani. Lakini injini hiyo hiyo hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kwa kuwa petroli haipiti juu ya vali kuziosha, masizi hujikusanya hapo. Ya Fuga haina tabia hiyo. Unaona? Kila nikitaka kukuelekeza huku, hoja yangu mwenyewe hunirudisha kule.

Gari lililotumika hununuliwa asubuhi, lingali baridi. Hilo nilifundishwa na mama yako, ingawa nilikawia miaka mingi kulikiri. Mwaka 1994 tulikuwa na mawili ya kuchagua, Peugeot 504 ya daktari mstaafu na lile jeupe unalolijua, mali ya mfanyabiashara ambaye jina lake silitaji nyumbani kwangu. Tulifika kwake saa 4 asubuhi, akatupokea kwa kahawa na kashata. Kabla hajaketi, mama yako aliweka kiganja juu ya boneti, akasema, "Mbona lina moto, na umesema halijatoka tangu juzi?" Nikamnong'oneza asimwaibishe mwenye mali, kisha nikahesabu fedha.

Wiki ya pili, alfajiri ya harusi ya shangazi yako, nililiwasha mbele ya wageni, na moshi wa buluu ukawafunika wazee na kanzu zao. Sili za vali zilikuwa zimekwisha. Oili ilichuruzika ndani ya silinda usiku kucha, ikaungua dakika za kwanza. Yule bwana alikuwa amekwisha kuumaliza moshi wake kabla hatujafika. Ile picha ya sebuleni ambayo ndugu zako hudhani ina ukungu, si ukungu. Labda 504 nayo ilikuwa na siri zake, nani ajuaye. Lakini daktari alitusihi tuje saa 12, nikaona ananisumbua. Mama yako hakunilaumu siku ile wala baadaye, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kalamu inaniwasha nikutajie gari moja, na kwa unavyonijua huenda umekwisha kulibahatisha. Nitajizuia. Mwambie mwenye Crown utafika kesho saa 12 na nusu asubuhi, na mwenye Fuga keshokutwa saa hiyo hiyo, na asiwepo wa kuliwasha kabla yako. Weka kiganja juu ya boneti, pima oili kwa kijiti chake, kisha simama nyuma huku fundi wako akiliwasha. Utakachokiona mwandikie mama yako.

Baba yako