Tuzo kwenye loji: toeni, ila kwa uchache

Ndugu katibu, umeuliza kama loji yenu, yaani tawi lenu la Freemason huko Ohio, ianze kuwapa wanachama tuzo, maana wengine wanadai pimamaji, alama yenu ya usawa, inakataza kumkweza mtu. Mimi nasema toeni, ila kwa uchache. Beji ya miaka 50 ya uanachama, ambayo loji nyingi za Marekani hutoa, haina ubishi: miaka inahesabika, hakuna wa kupendelewa. Shida ni hizi za "mwanachama bora wa mwaka". Wasemaji sana ndio huzibeba, na yule anayebaki kuosha vyombo baada ya chakula (kila loji inaye) hasikiki. Huyo mtajeni kwa jina mbele ya mkewe na wanawe, mseme hasa alichofanya. Cheti kinaweza kusubiri.