Jina lako kati ya majina elfu tano

Ukijiunga na ATLAS au CMS, majaribio mawili makubwa ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, utatakiwa kwanza kufanya kazi ya huduma, yaani kutunza au kuboresha vifaa na programu za jaribio, ndipo uhesabiwe mwandishi. Baada ya hapo jina lako litaanza kutokea kwenye makala ambazo nyingine hata hujazisoma. Usivimbe kichwa. Majina hupangwa kwa alfabeti, na makala ya 2015 ambayo makundi hayo yaliandika pamoja kuhusu tungamo la chembe iitwayo bosoni ya Higgs ilikuwa na waandishi 5,154. Anayetafuta wa kumwajiri atakuonaje humo?

Anachosoma ni barua za mapendekezo za waliofanya kazi nawe. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wasiione kazi ya huduma kama adhabu. Chukua triga, kwa mfano. Ndani ya LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha chembe, mafungu ya protoni hukutana hadi mara milioni 40 kwa sekunde, na kuhifadhi yote haiwezekani. Triga huamua papo hapo kipi kibaki, na kilichotupwa hakirudi tena. Anayeijua vizuri hutafutwa na kila kundi la uchambuzi, maana bila yeye hawajui walichokosa. Huyo hana haja ya kujitangaza.

Kisha subira. Desemba 2015 ATLAS na CMS zilionyesha ziada ya jozi za fotoni (chembe za mwanga) karibu na GeV 750 (GeV ni kipimo cha nishati), kinundu kwenye grafu kilichoonekana kama dalili ya chembe mpya. Wananadharia wakaandika mamia ya makala. Agosti 2016, data zilipoongezeka, kile kinundu kikayeyuka. Hakuna aliyedanganya: ukikagua grafu nyingi, sadfa itakunasa mahali fulani, na ndiyo sababu tunadai sigma 5, kiwango ambacho sadfa tupu hukifikia kwa nadra mno, kabla ya kutamka neno ugunduzi. Mwanafunzi akiniletea kinundu, namuuliza kwanza kama vigezo vya kuchagua matukio alivifunga kabla ya kutazama data. Akisitasita, tunaanza upya.

Uprofesa wenyewe nafasi zake ni chache, na mikataba ya baada ya uzamivu huwa ya miaka miwili mitatu, mara nyingi kila mmoja na nchi yake. Jifunze lugha ya programu ya C++ na takwimu kikwelikweli. Zitakulisha hata nje ya fizikia. Na barua iombe mapema, umwandikie profesa ni kifaa gani ulikipima na ni programu ipi inayotumika sasa uliyoiandika wewe. Mwenye mihadhara, wanafunzi na maombi ya ufadhili mezani hakumbuki hayo.