Jibu: Baiskeli nyepesi ya mtoto wa miaka 6
Habari ndugu. Umeuliza jinsi ya kumpatia binti yako baiskeli nyepesi ya bei nafuu, baada ya ile ya kwanza kumshinda kwa uzito. Kwanza mpime mguu kwa ndani, kutoka kwenye msamba hadi unyayoni, kwa sababu siti ikishushwa kabisa ni lazima aweze kukanyaga chini. Kwa umri wake, mara nyingi ringi ya inchi 16 humfaa. Nilipomtafutia mwanangu ya mtumba hapa Dar es Salaam nilibeba sumaku ndogo, ambayo hunasa kwenye fremu ya chuma lakini haishiki alumini, iliyo nyepesi zaidi. Rangi iliyochubuka isikusumbue. Breki ngumu kwa vidole vya mtoto ndiyo hatari, hivyo mwache aibonyeze mwenyewe kabla hujalipa.